Swali Lililokosa Jibu: Maisha ya Ray Anderson, Mwenye Kiwanda cha Kapeti

(Hotuba iliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo juu ya biashara za vikundi. Tumeichapa karibu kama ilivyosemwa, kwa sababu wengi wenu mliomba nakala.)



Asanteni kwa kufika mapema. Tunajua wengine mmetembea tangu alfajiri, na wengine mmewaachia watoto mbuzi. Tulitangaza kwamba leo tutazungumza juu ya hesabu za biashara ya kikundi, na ndivyo tutakavyofanya. Lakini tutapitia njia ndefu kidogo, mpaka Marekani, kwa mtu mmoja aliyekuwa akitengeneza kapeti. Mtuvumilie. Iko sababu, na tutaisema kwanza, msije mkafikiri tumewaita kusikiliza hadithi.

Sababu yenyewe ni aibu yetu sisi wa ofisi ya maendeleo. Miaka kadhaa iliyopita tulikisaidia kikundi kimoja cha vijana. Jina la kikundi hatutalitaja, na mto pia hatutautaja. Baadhi yao wako hapa na wametupa ruhusa tuseme hivyo hivyo. Vijana hao walikuwa wakiuza mchanga. Malori yanakuja mpaka mtoni, vijana wanapakia, wanalipwa papo hapo. Sisi tuliwafundisha kuweka daftari, kutenga akiba, kugawana faida bila kugombana. Tukawapiga picha. Tukaandika katika ripoti yetu kwamba hiki ndicho kikundi cha mfano. Na kweli, daftari lao lilikuwa safi kuliko la ofisi yetu.

Baada ya misimu michache ya mvua, akina mama wakaanza kusumbuka. Mahali ambapo zamani mtu alichimba kwa mikono, mkono ukafika kiwiko akapata maji, sasa walichimba mpaka kimo cha mtu na hawakuona hata unyevu. Nyinyi mnajua kwa nini kuliko sisi. Katika mito yetu hii ya msimu, mchanga ndio tangi. Mvua ikinyesha maji yanajificha ndani ya mchanga, jua haliyafikii, na tunayanywa miezi mingi baadaye. Ukiondoa mchanga ukabaki mwamba mtupu, mvua inakuja, maji yanapita mbio yakienda zake, na kesho yake mto ni mkavu kama barabara.

Siku moja mama mzee mmoja alikuja ofisini. Akakaa. Chai akakataa. Akatuuliza: "Katika lile daftari mlilowafundisha watoto wetu, maji yetu mliyaandika ukurasa gani?"

Tuliangaliana. Jibu hatukuwa nalo.

Basi, tuliposoma habari za huyu Ray Anderson tulishtuka, kwa maana yeye naye aliulizwa swali la namna hiyo akiwa mtu mkubwa, mwenye viwanda, na akakosa jibu. Ila yeye hakuliacha swali lipite.

Ray Anderson alizaliwa tarehe 28 Julai 1934 katika mji mdogo uitwao West Point, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Hakutoka katika ukoo wa matajiri. Baba yake alifanya kazi posta, mama yake alikuwa mwalimu. Eneo lile lilikuwa la viwanda vya nguo, na kijana wa pale alijua tangu utotoni kwamba pamba na nyuzi ndizo zinazoleta unga nyumbani. Yeye aliupenda mpira, ule wa Kimarekani wa kukimbia na kuangushana, na mpira huo ndio uliomlipia karo katika chuo cha ufundi cha Georgia. Akahitimu mwaka 1956 akiwa injinia wa mambo ya viwanda. Kisha akaajiriwa katika makampuni ya nguo na kapeti, akapanda cheo polepole.

Mwaka 1973, umri ukikaribia miaka 39, aliacha kazi nzuri yenye mshahara wa uhakika akaanzisha kampuni yake katika mji wa LaGrange, karibu na kwao. Kampuni hiyo ikaja kuitwa Interface. Alikuwa amevutiwa na bidhaa iliyokuwa ikitoka Ulaya: kapeti iliyokatwa vipande vya mraba, unavipanga sakafuni kama vigae. Kahawa ikimwagika, huhitaji kung'oa kapeti ya chumba kizima. Unatoa kipande kimoja, unaweka kingine. Maofisi yalikuwa yanaanza kujaa kompyuta na nyaya zilizopita chini ya sakafu, kwa hiyo kapeti ya vipande iliwafaa sana. Kampuni ikakua. Mwaka 1983 ikaanza kuuza hisa kwa watu wote. Kufika miaka ya 1990 ilikuwa ndiyo kubwa kuliko zote duniani kwa kapeti za aina hiyo, yenye viwanda katika mabara kadhaa na wateja katika nchi zaidi ya 100.

Hapo wengi wetu tungesema: huyu amemaliza kazi, apumzike. Na yeye mwenyewe alikuwa karibu kufikiri hivyo. Alikuwa ametii sheria zote. Hakuwa mwizi. Kodi alilipa, watu aliwaajiri. Baadaye alikiri kwamba kwa miaka 21 ya kwanza ya kampuni hakuwahi hata mara moja kufikiria kampuni yake inachukua nini kutoka ardhini, wala inairudishia nini.

Sasa swali. Mwaka 1994 wateja wengine walianza kuwauliza wauzaji wake: kampuni yenu inafanya nini juu ya mazingira? Wauzaji hawakuwa na la kusema. Wakapeleka swali juu, na wakubwa pale ofisini wakaamua kuunda kamati. Mnajua kamati. Kamati ikamwomba mwenye kampuni aje afungue mkutano wake wa kwanza, aeleze maono yake juu ya mazingira. Na yeye, kama alivyosema mwenyewe mara nyingi, hakuwa na maono yoyote. Alichokuwa nacho ni kwamba sisi tunafuata sheria. Alijua hilo halitoshi kujaza hotuba. Siku zikawa zinakaribia na karatasi bado nyeupe.

Wakati huo huo kitabu kikaanguka mezani kwake. Kilikuwa kimeandikwa na Paul Hawken, mfanyabiashara mwingine wa Marekani, juu ya biashara na uhai wa dunia. Na angalieni kilivyofika: mfanyakazi mmoja wa kike wa idara ya mauzo alikuwa ametumiwa na binti yake, akakisoma, akakipitisha kwa wakubwa. Hatusemi zaidi hapo, ila akina mama mmesikia.

Ndani ya kitabu hicho mna kisa cha kisiwa kimoja, tena ni kisa cha kweli. Tukieleze kwa sababu nyinyi ni wafugaji na mtakielewa upesi kuliko watu wa maofisini. Kisiwa kinaitwa St. Matthew, kiko katika bahari ya baridi karibu na Alaska. Mwaka 1944, wakati wa vita kuu ya pili, wanajeshi wa Marekani wa ulinzi wa pwani walipeleka huko wanyama 29 wa jamii ya kulungu, wale wanaofugwa katika nchi za theluji, wawe chakula cha akiba. Vita vikaisha, askari wakaondoka, wanyama wakabaki peke yao. Hakuna simba, hakuna fisi, hakuna mwindaji. Mawe yamefunikwa na mimea mizito kama ukoga, ambayo ndiyo malisho yao ya wakati wa baridi na ambayo huchukua miaka mingi sana kuota tena ikiliwa. Mwaka 1957 walihesabiwa 1,350. Mwaka 1963 wakafika 6,000. Mtu aliyewaona mwaka ule angesema wamebarikiwa. Kisha kipindi kimoja cha baridi kali kikaja, malisho yamekwisha, na walipohesabiwa tena mwaka 1966 walikuwa wamebaki 42. Kati ya hao 42, dume lilikuwa moja tu, nalo halikuweza kuzalisha. Kufika miaka ya 1980, kisiwa kikawa hakina hata mmoja.

Sisi tumerudia hesabu hiyo mara nyingi. Kila mwaka kundi liliongezeka. Kila mwaka, kama kungekuwa na mwenyekiti na katibu kule kisiwani, ripoti ingesema maendeleo ni mazuri.

Ray Anderson alisoma kitabu hicho akalia. Alisema ilikuwa kama mkuki umemchoma kifuani. Alikuwa ametimiza miaka 60 mwezi uliopita, umri wa mtu kukabidhi funguo. Tarehe 31 Agosti 1994 akasimama mbele ya kamati yake, watu wachache tu, akawaambia kwamba kampuni hii itabadilika. Na tangu siku hiyo hakuwa akijisamehe kwa maneno matamu. Alijiita mporaji wa dunia, mbele ya matajiri wenzake, na akasema itafika siku watu kama yeye watawekwa jela kwa yale ambayo sasa wanapewa tuzo. Wengine katika kampuni walidhani mzee amechanganyikiwa.

Sasa ndio tunafika kwenye daftari, ndugu zetu, maana hapa ndipo tulipoona kwamba huyu mtu alikuwa injinia na si mtu wa kulia tu. Aliwaambia watu wake wafanye hesabu ya pili. Hesabu ya kwanza walikuwa nayo: mwaka 1995 waliuza bidhaa za dola milioni 802. Hesabu ya pili iliuliza: kupata dola hizo, sisi pamoja na wale wanaotuuzia malighafi, tumetoa nini ardhini? Jibu likaja: ratili bilioni 1.2 na zaidi, yaani kilo zaidi ya milioni 500. Tumejaribu kuliweka jambo hilo kwa malori. Ukichukua lori la tani 10, ni kama malori 150 kila siku ya mwaka, Jumapili na Krismasi pia. Na sehemu kubwa ya mzigo huo ilikuwa mafuta, makaa ya mawe na gesi, kwa sababu nyuzi za kapeti hizo ni za nailoni na nailoni hutokana na mafuta ya ardhini. Kati ya mafuta hayo na makaa, kama theluthi mbili haikuwa hata kapeti. Ilichomwa tu, ikawa moshi. Alisema hesabu hiyo ilimtia kichefuchefu.

Hatujui kama kuna mfanyabiashara mwingine mkubwa wa wakati wake aliyekubali kuisoma hesabu ya namna hiyo mbele ya watu akiitaja kampuni yake kwa jina. Kwetu sisi hilo ni kubwa kuliko yote aliyofanya baadaye.

Baadaye alifanya mengi. Alisema kampuni ifike mahali isichukue ardhini kitu ambacho ardhi haiwezi kukirudisha upesi, na isiache madhara yoyote, na tarehe ya mwisho ikawa mwaka 2020. Alilinganisha kazi hiyo na kupanda mlima wenye nyuso saba, mrefu kuliko Everest. Uso wa kwanza ulikuwa taka. Taka kwa maneno yake ilikuwa ni kitu chochote kinachogharimu pesa na mteja hapati faida yake: kitambaa kilichokatwa vibaya, taa inayowaka bure, mzigo uliotumwa mahali pasipo pake. Waliwapa wafanyakazi wa mashine nafasi ya kusema wanaona wapi kitu kinapotea, na wao ndio waliojua, maana mkubwa hakai karibu na mashine. Mwaka 2009 Anderson alieleza kwamba kupunguza taka peke yake kulikuwa kumeokoa dola milioni 400, na pesa hizo ndizo zilizolipia mageuzi yote mengine.

Tunajua kuna mtu hapa anasema moyoni, huyo alikuwa tajiri, angeweza kujaribu mambo. Tulisema hivyo hivyo. Lakini sikilizeni kisa cha mabomba, kwa sababu wengi wenu mna miradi ya maji na mnalipia dizeli ya pampu.

Mwaka 1997 kampuni ilikuwa inajenga kiwanda Shanghai, nchini China. Ndani yake kulikuwa na mfumo wa mabomba ya kuzungusha kitu cha moto. Wataalamu waliopewa kazi walichora mchoro ukahitaji pampu zenye nguvu ya farasi 95. Injinia mmoja wa Interface, Mholanzi aitwaye Jan Schilham, akachora upya. Alifanya mambo mawili tu. Kwanza, alichagua mabomba manene badala ya membamba, kwa sababu katika bomba jembamba maji yanasuguana na kuta na pampu inahangaika bure. Pili, alipanga mabomba kwanza yapite njia iliyonyooka, ndipo akaweka mashine. Wenzake walikuwa wameweka mashine kwanza, mabomba yakabidi yajikunje kama nyoka kuzifikia. Pampu zilizohitajika zikawa za nguvu ya farasi 7. Kutoka 95 mpaka 7! Na kujenga kwenyewe kukawa rahisi zaidi, kwa kuwa pampu ndogo ni bei ndogo. Hakuna mtambo mpya uliobuniwa pale. Jamani, ni bomba nene na njia fupi. Fundi wetu wa maji ametikisa kichwa, tutamwomba aseme neno mchana.

Jambo lingine lilitoka msituni. Mchoraji wa kapeti zao, David Oakey, aliwaambia wenzake watoke waende msituni wakaangalie asili yenyewe ingetandika sakafu namna gani. Wakaona kwamba majani yaliyoanguka chini hayafanani hata mawili, na bado sakafu ya msitu inapendeza macho. Wakatengeneza vipande vya kapeti ambavyo kila kimoja kina tofauti kidogo na mwenzake. Matokeo yake fundi anaweza kuvipanga vyovyote, mabaki ya kukata yakapungua, na kipande kikiharibika kipya hakionekani kama kiraka. Ilitoka mwaka 2000 ikawa ndiyo inayouzwa sana.

Si kila kitu kilifaulu, na tusiwadanganye. Alitaka wateja wasinunue kapeti, wakodi, ili ikichakaa kampuni iichukue na kuitengeneza upya. Ni wazo zuri, lakini wateja wachache sana walikubali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 biashara ya kapeti za maofisini ilianguka vibaya Marekani, kampuni ikaachisha watu kazi, na hao walioachishwa hatuna hakika kama maono yaliwasaidia chochote. Na nailoni ni nailoni. Hata ikirudiwa mara ngapi, ilianzia kwenye kisima cha mafuta.

Mwaka 1998 aliandika kitabu juu ya safari hiyo, na kingine mwaka 2009. Rais Clinton alimweka kuwa mmoja wa wenyeviti wawili wa baraza la kumshauri juu ya maendeleo yasiyoharibu dunia. Alihutubia mikutano mingi kwa mwaka, kwa sauti ya taratibu ya mtu wa kusini, akirudia kisa cha mkuki. Katika mikutano hiyo alizoea kusoma shairi aliloandikiwa na mfanyakazi wake mmoja baada ya kumsikiliza, shairi linalomsemesha mtoto ambaye bado hajazaliwa. Tunapenda kwamba mwenye kampuni alikuwa akitembea na maneno ya mfanyakazi wake mfukoni.

Alifariki tarehe 8 Agosti 2011 mjini Atlanta kwa ugonjwa wa kansa, akiwa na miaka 77. Mwaka 2020 hakuuona. Kampuni ilitangaza mwaka 2019 kwamba imefikia shabaha yake, taka zinazotupwa na moshi wa viwanda vyake ukiwa umepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu mwaka 1996. Tuseme ukweli hapa pia. Sehemu iliyobaki waliifuta kwa kulipia miradi ya watu wengine mahali pengine inayopunguza moshi, na wako wanaosema hiyo si sifuri bali ni kulipa faini ya hiari. Sisi tunaona wanaosema hivyo wana haki ya kusema. Lakini kutoka 100 mpaka chini ya 10 si maneno.

Liko jambo moja lililofanyika mwaka mmoja baada ya kifo chake, nalo linatuhusu zaidi sisi watu wa vikundi. Mwaka 2012, kampuni yake pamoja na shirika la wanyama la London walianza kazi na wavuvi maskini wa Ufilipino, sehemu iitwayo Danajon. Pale nyavu kuukuu za nailoni zilikuwa zikitupwa baharini na ufuoni, zinaua samaki bure. Kumbe nailoni ya nyavu ni ile ile inayofaa kapeti. Wanavijiji wakaanza kuziokota, kuziosha na kuziuza kwa uzito. Na pesa zilipitia wapi? Kupitia vikundi vya akiba na mikopo vya kijiji, sanduku lenye kufuli, watu wakikutana na kuhesabu mbele ya wote. Kama nyinyi. Tuliposoma hapo tulicheka, kwa sababu tulikuwa tumefikiri sanduku lile ni letu peke yetu.

Sasa turudi nyumbani. Vijana wa mchanga walikuja tukakaa nao, safari hii bila kupiga picha. Hatukuwaambia waache kesho yake, maana wana watoto na karo, na sisi wenyewe ndio tuliowasukuma. Tulifungua daftari lile safi. Pembeni ya kila lori tukaandika, kwa kukisia, ndoo ngapi za maji ambazo mchanga ule ungeweza kutunza mpaka kiangazi. Walibishana sana juu ya idadi. Mmoja wao alisimama akatoka nje, tukadhani amekasirika. Alikuwa ameenda kujaza debe mchanga, akamwaga maji juu yake akipima kwa kikombe, ili ugomvi uishe. Debe lililojaa mchanga mkavu lilimeza maji karibu theluthi yake. Wakanyamaza.

Walikubaliana kuacha kabisa sehemu ya juu ambako akina mama huchota, na wameanza kukusanya mawe ya ukuta wa kuzuia mchanga. Hawajajenga bado. Saruji haijatosha, na wawili wameondoka kikundini wakisema wanapoteza wakati. Hapo ndipo walipofika, na malori yanaendelea kuwapigia simu.

Kazi ya leo ni hiyo hiyo. Kila kikundi kifungue daftari lake, liwe la makaa, la matofali, la kuku, la miche au la mikopo tu. Mna safu ya pesa iliyoingia na safu ya pesa iliyotoka. Chora ya tatu. Andikeni biashara yenu imechukua nini katika udongo, katika maji na katika miti tangu Januari, na kama mmerudisha kitu, andikeni pia. Msiandike maneno makubwa. Andikeni mitungi, mizigo, malori, miti. Kikundi cha matofali, tunajua mtasema kuni mlinunua. Basi andikeni zilitoka kwa nani, na pale zilipokatwa kumebaki nini.

Fanyeni chini ya miti, kikundi kikundi, mpaka saa saba. Makatibu watasoma baada ya chakula, na ofisi yetu itasoma ya kwake ya kwanza.